Siku Makala Yangu Ilipoitwa Shahidi

Chuo kimeniaga kwa keki ya karoti na kadi yenye saini kumi na moja, mbili kati yake za watu nisiowajua. Mkuu wa idara alisoma hotuba fupi akanisifu kwa mchango wangu mkubwa. Kwetu mchango mkubwa ni ule wa arusi, na huwa unafuatiwa na pilau. Kisha akaniomba, keki ikiwa bado mdomoni mwangu, niwaandikie ninyi vijana mnaobaki mambo machache ya kuwasaidia kazini. Haya. Mmeyataka wenyewe.

Vyeo sitaviandika. Vimo kwenye tovuti ya chuo, chini ya picha yangu ya zamani ambayo hakuna aliyejisumbua kuibadilisha, nami sikuwakumbusha. Kazi zangu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni anthropolojia, yaani kwenda kukaa na watu mpaka wakuchoke, kisha kuandika kwamba walikukaribisha vizuri. Ya pili ni kutetea haki za wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake, na wote ambao jamaa zao wangependa wawe wametoka kwenye familia nyingine. Kwa ya kwanza nilipewa ofisi yenye dirisha linalotazama ukuta. Kwa ya pili nilitukanwa kwa lugha tatu.

Siku yangu ya kwanza London niliingia kwa profesa wangu nikiwa na koti la mtumba nililonunua Moshi, refu mpaka kwenye vifundo vya miguu, ambalo muuzaji aliniapia kwamba ndilo wanalovaa huko. Hakuna aliyelivaa. Profesa, Mwingereza mrefu mwenye sauti ya mtu anayesinzia, wala hakuliangalia. Alifungua kabati, akanipa kinasa sauti, boksi la kanda, na mafundisho yote aliyokuwa nayo kwa miaka mitatu iliyofuata: "Kilichomo kwenye kanda ni data. Kilichobaki ni umbea." Nililiandika hilo ndani ya jalada la daftari langu, nikaliamini kama Baba Yetu.

Utafiti ulikuwa katika mji mmoja wa pwani ambao sitautaja, na sababu mtaiona. Mimi ni binti wa Kichaga, wa Machame. Pwani nilikuwa nimeipita kwa basi mara mbili, nikahesabiwa kuwa naijua ndani nje, maana kwa wenzangu wa London Tanzania nzima ilikuwa mtaa mmoja. Nilipata chumba kwa Bi Tatu. Alikuwa somo, mwanamke wa makamo anayefunda maharusi, na aliishi na jirani yake aliyehamia kwake baada ya kufiwa na mume. Wanawake wawili, chumba kimoja, kitanda kimoja, na mtaa mzima unawaamkia kwa heshima. Nikaona nimeokota dhahabu.

Kila nilipomuuliza watu wanasemaje, Bi Tatu alinimiminia chai ya mdalasini akanijibu kwa upole. "Waseme nini, mwanangu? Sisi tuna adabu zetu. Mambo hatuyatangazi, na mtu haulizwi. Hatuna neno." Kanda baada ya kanda, hatuna neno. Na mwisho wa kila kanda, mkizisikiliza leo, mtamsikia akisema, "Haya, kizime kidude chako sasa, nikwambie." Halafu mlio wa kitufe. Tak. Basi.

Nilikizima kweli. Akaniambia mambo ambayo alinishika mkono akanitaka nisiyatoe nje ya chumba kile. Niliahidi, na hata ninyi hamtaambiwa. Niseme tu kwamba hayakuwa mambo ya chai ya mdalasini. Alilia, nami nikalia naye, kisha nikaenda chumbani kwangu nikaandika kwenye daftari: "Mambo ya nyumbani. Si data." Mpaka leo naona aibu kuyaona maneno hayo kwa mwandiko wangu mzuri.

Kutokana na kanda hizo niliandika makala iliyonipa jina. Nilidai kwamba pwani ukimya si hofu. Ukimya ni adabu: watu wanajua, hawasemi, na mwenye mapenzi yake anaishi salama humo humo ndani ya kutosemwa. Weee, ilipendwa! Wasomi wa Ulaya waliipenda kwa sababu iliwaambia kuna mahali duniani penye hekima kuliko kwao, na wao hawatakiwi kufanya lolote. Ikafundishwa, ikanukuliwa, ikatafsiriwa. Mimi niliipenda kuliko wote, tena kwa sababu mbaya zaidi.

Sababu yenyewe inaitwa Joyce. Ni muuguzi, wazazi wake walitoka Jamaika, na makala ilipotoka tulikuwa tumeshaanza kuishi pamoja Stanmore, katikati ya familia za Kihindi zilizotoka Nairobi na Kampala. Majirani wale walituletea chevda, vile vitafunio vyao vya pilipili, kwenye sahani zilizofunikwa, na wakati wa kuchukua sahani walituuliza nani kati yetu mwenye nyumba na nani mpangaji. Swali hilo likanipa wazo. Machame nikasema Joyce ni mwenye nyumba wangu. Basi kila simu ya mama ilikwisha kwa "msalimie mwenye nyumba wako", nami nikageuka nikamwambia Joyce kwa Kiingereza, "Mama anasema anakupenda." Tafsiri ya kitaalamu hiyo. Mtu anayeishi hivyo, akiambiwa ukimya ni adabu, atagongea kauli hiyo mihuri yote aliyonayo.

Na wakati huohuo, msicheke, nilikuwa mwanaharakati. Kikundi chetu kilianza na watu watano na birika moja katika ukumbi wa kukodi kule Ilford, nyuma ya duka la vitambaa, kila Jumapili mchana. Vikao viwili vya mwanzo tulibishania jina. Kikao cha tatu tulibishania nani alileta wazo la kubishania jina. Mtu wa sita kujiunga alikuwa Mama Furaha wa Bukavu, mfanya usafi hospitalini, aliyeingia na sufuria ya sombe, yaani kisamvu cha kwao, akakaa mstari wa mbele. Baada ya saa nzima akanyoosha mkono. "Na maombi inaanza saa ngapi?" Alikuwa ameona watu weusi wanaingia ukumbini siku ya Mungu, akajumlisha mwenyewe. Ikabidi tumweleze sisi ni nani. Akafikiri kidogo, akafunua sufuria. "Sasa nimeshapika," akasema. "Mukule." Jumapili iliyofuata akarudi, na iliyofuata, mpaka tukamfanya mwenyekiti, kwa kuwa ndiye pekee aliyeweza kutunyamazisha.

Maandamano yetu ya kwanza yalinyeshewa. Wino wa mabango ulichuruzika mpaka ikawa hatujulikani tunadai nini. Mwingereza mmoja akatupigia kelele turudi kwetu. Hatua ishirini mbele, jamaa mmoja wa kwetu kabisa akatupigia kelele kwa Kiswahili tusithubutu kurudi kwetu. Mama Furaha aliwajibu wote wawili kwa pamoja, na sitayaandika aliyosema kwa kuwa mkuu wa idara anatumia mashine ya kutafsiri.

Katika kikundi nilijulikana kama Dokta, mtafiti mwenye moyo mzuri. Vijana waliofukuzwa kwao walisimama mmoja mmoja wakajitaja, nami niliwapigia makofi kwa nguvu kuliko watu wote ukumbini. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema. Joyce alikuwa akinisubiri nje kwenye gari, na wenzangu walidhani ni teksi.

Kazi ya mahakamani ililetwa na wakili Hansa, Mhindi aliyezaliwa Kisumu, ambaye ofisi yake iko juu ya ngazi kali kiasi kwamba wateja wake wote hufika wakiwa wanahema kama waliokimbia vita. Mtu akiomba hifadhi Uingereza kwa sababu ya mapenzi yake, serikali humuuliza mambo mawili: je, kweli uko hivyo, na je, ukirudi kwenu yatakupata yapi? Hilo la pili ndilo linalohitaji mtaalamu wa nchi anakotoka mtu huyo, nami nikawa ndiye. Siku ya kwanza nilifika na ripoti ya kurasa arobaini. Ilikuwa na historia ya pwani yote, biashara ya karafuu, na ramani mbili. Jaji aliipima kwa mkono kama mtu anayenunua tikiti maji, akaniuliza jibu liko ukurasa wa ngapi. Halikuwepo.

Kwa hiyo shikeni haya. Jibu likae ukurasa wa kwanza. Aya zote zipewe namba. Ukiulizwa swali usitikise kichwa, kinasa sauti cha mahakama hakisikii kichwa. Mkalimani akikosea, mwachie wakili amkosoe. Mimi niliwahi kumkosoa mmoja kwa kujiamini sana, ikaonekana yeye ndiye sahihi. Beba chakula chako, kwa sababu kesi ya saa nne asubuhi huitwa saa nane mchana. Usimkumbatie mteja kabla ya kutoa ushahidi; mkumbatie baadaye, akishinda au akishindwa, na akishindwa ndio zaidi. Na kabla hujatia saini kwamba uliyoandika ni kweli, nenda kasome tena kila ulichowahi kuandika maishani. Hili la mwisho hakuna aliyeniambia.

Zuwena aliletwa kwangu miaka michache kabla sijastaafu. Alikuwa mpakaji hina kutoka mji uleule wa Bi Tatu, ingawa yeye alizaliwa baada ya mimi kuondoka. Alikuwa na mwenzake akiitwa Asha. Kaka zake walipogundua walimvunja mkono, ule wa kupakia hina, wakijua wanachofanya, na Asha akaozwa ndani ya wiki moja. Zuwena akakimbilia Ghuba kufanya kazi za ndani. Familia aliyoitumikia ilipokuja naye London kupumzika, ilimtuma mkate dukani Edgware Road. Mkate huo wanausubiri mpaka leo. Alimkuta msichana wa Kisomali nyuma ya kaunta, akamuuliza kwa Kiarabu cha jikoni mtu anayeogopa kwao aende wapi hapa, na yule msichana akafunga duka akampeleka mwenyewe kwa Hansa.

Serikali haikubisha kwamba Zuwena ni vile asemavyo. Ilikubali kuhusu Asha, ikakubali kuhusu mkono, na bado ikamkatalia. Hansa alinipigia simu.

"Dokta, kaa chini."

"Nimekaa."

"Kaa vizuri."

Akanisomea barua. Ilisema Zuwena anaweza kurudi akaishi mtaa mwingine kwa kunyamaza, kama wanavyonyamaza wenzake wote, maana utafiti umeonyesha kwamba pwani ukimya si hofu bali ni adabu ya wenyeji. Chini palikuwa na jina la mtafiti. Mlilijua mapema kuliko mimi.

"Hii makala yako itatumaliza," Hansa akasema. "Mtu akinyamaza juu ya kuogopa, sheria inamlinda. Akinyamaza juu ya adabu, anapanda ndege. Na ni wewe ulisema ni adabu."

Ndivyo mambo yalivyosimama. Hofu, Zuwena anabaki. Adabu, Zuwena anarudishwa kwa kaka zake, na mimi ndiye nimemkatia tiketi kwa lugha fasaha yenye tanbihi.

Tulikutana ofisini kwa Hansa. Nilimtafsiria Zuwena aya yangu neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akajifuta macho kwa mtandio.

"Nani kakwambia haya, Bi Dokta?"

"Mama mmoja wa kwenu. Mtu wa heshima sana."

"Ulikaa kwake?"

"Mwaka mzima."

"Akikupa chai?"

"Ya mdalasini."

"Basi ulikuwa mgeni wewe," akasema. "Mgeni anaambiwa hatuna neno. Nyumba inaungua, mgeni anaambiwa hatuna neno, kunywa chai. Nani atamwaga aibu zake mbele ya mgeni, tena katoka Ulaya na kidude cha kunasia? Hilo hukulijua? Kwani wewe si Mswahili?"

Nikamwambia mimi Mchaga.

"Aaa," akasema, kama daktari aliyeletewa majibu ya vipimo.

Nilirudi Stanmore nikashusha kanda kutoka darini. Nilizisikiliza siku tatu mfululizo, Joyce akiniachia chakula mlangoni na kwenda zake kazini. Hatuna neno, hatuna neno, kizime kidude chako nikwambie. Tak. Kanda moja baada ya nyingine, utafiti wangu wote wa kweli ulianza pale kanda inapokatika, na ndio niliouita umbea. Nilijua kuogopa kunavyosikika. Nilikuwa nimekaa nako chumba kimoja mwaka mzima, kukinishika mkono. 

Hansa alitaka daftari. Nikakataa. Alisema tutalifuta jina, nikamwambia katika mji ule ukishasema somo aliyeishi na jirani yake mjane, hujafuta kitu. Bi Tatu akiwa hai ni bibi mtu mzima mwenye watu wake. Akiwa amekufa, watu wake wapo. "Basi utawaambia nini?" Hansa akaniuliza, na safari hii alikuwa amekasirika kweli. "Ati umeota?"  Zuwena alikuwa amekaa kando ya mlango na hakunilaumu hata kwa jicho. Aliuliza tu kama mtu anayerudishwa huruhusiwa kubeba sanduku, au anaondoka na alichovaa. Swali hilo lilinikaa kifuani siku zote zilizobaki.

Siku ya rufaa Joyce alinipeleka kwa gari, akaingia na mfuko wetu wa sandwichi akakaa kiti cha nyuma, kama alivyofanya kwenye kesi nyingi. Wakili wa serikali alikuwa kijana mpole mwenye mafua makali. Alinionea huruma waziwazi, na hilo ndilo lililonitisha.

"Dokta, makala hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Leo unasema ina makosa?"

"Kosa moja. Lile ambalo yote mengine yamesimama juu yake."

"Kuna mtu kule aliyewahi kukuambia kwamba ananyamaza kwa sababu anaogopa?"

"Yupo."

"Ni nani, na alisema nini?"

"Sitasema. Nilimwahidi."

Akapenga kamasi kwa ustaarabu. "Kwa hiyo mtaalamu anaikana kazi yake mwenyewe, na ushahidi wake ni siri." Alikuwa sahihi kabisa. Angekuwa mwanafunzi wangu ningempa alama za juu. Jaji, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliacha kuandika.

"Dokta, una msingi mwingine wowote wa kusema unachosema?"

Nilimtazama Zuwena. Alikuwa ameushika mkono wake uliovunjwa kwa mkono wa pili, anamtazama mkalimani mdomoni, akisubiri kuambiwa nimesema nini. Nikasema ninao.

Nikasema mwanamke aliyeko nyuma pale mwenye mfuko anaitwa Joyce. Nimeishi naye miaka ishirini na sita, na kwetu anajulikana kama mwenye nyumba wangu. Mimi ndiye niliyewafundisha kumwita hivyo. Mngeniuliza jana ningewaambia ni adabu tu, ni heshima kwa mama, kwetu mambo haya hayatangazwi. Nilithibitisha adabu hiyo mpaka nikaiandikia makala, na makala ndiyo hiyo iko mezani kwenu. Haikuwa adabu. Niliogopa mama ataacha kunipigia simu. Niliogopa ndugu watakaa pembeni ya jeneza langu wakinong'ona, au hawatakuja kabisa. Naogopa hata sasa hivi ninavyosema, na mimi ni mzee mwenye pasipoti ya hapa na sina kaka wa kunivunja mkono. Sauti ilinitoka nyembamba, ya kitoto, nikaichukia. Wakili wa serikali akafunika kalamu yake akasema hana swali jingine.

Mtadhani niliporudi kwenye gari nilikumbatiwa. Joyce aliendesha mpaka tukafika karibu na nyumbani, kisha akasimamisha gari kando ya barabara.

"Mwenye nyumba," akasema.

"Ndiyo."

"Salamu zote zile. Miaka yote ile. Hukuwahi hata kuwaambia mimi ni rafiki yako."

"Ndiyo."

"Unaweza kuandika kurasa arobaini juu ya mtu uliyekutana naye Jumanne, na mimi sikupata hata mstari." Alilia kwa hasira, ngumi zake kwenye usukani. Nilitaka kumshika bega, nikaona sina ruhusa. Alininunia wiki nzima, na kila siku ya wiki hiyo nilistahili.

Uamuzi wa mahakama husomwa na yeyote mwenye simu, na mtoto wa mdogo wangu Ndeshi, kule Ilford, hana kazi nyingine zaidi ya kusoma simu. Nikaona niwahi. Nilikaa jikoni kwa Ndeshi, nikasema yote bila kupumua. Ndeshi, mama wa kwaya, wala hakuacha kumenya ndizi.

"Dada, sisi tulijua zamani," akasema. "Na mama anajua. Tulinyamaza kwa adabu tu."

Lahaula! Nimetoka kuapa mbele ya jaji kwamba hakuna kitu kama hicho chini ya jua, kumbe ipo familia moja duniani inayofuata makala yangu, nayo ni yangu. Nikamuuliza, "Na ningelisema wakati ule, kabla hujaolewa, ungenisimamisha kwenye arusi yako?" Ndeshi akaweka kisu chini, akakiokota tena. "Hapo sasa, dada," akasema. "Hapo sijui." Mwanawe, aliyekuwa akijifanya hasikii Kiswahili, akainua macho kwenye simu akamwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba hilo ni jibu baya sana. Mama hakupiga simu Jumapili ile, wala iliyofuata.

Wiki kadhaa baadaye Zuwena akanipigia akiwa kwa Hansa. Sikuelewa neno la kwanza, kwa sababu lilikuwa kigelegele. "Nimepata, Bi Dokta! Nimepata, nabaki!" Nilikaa palepale kwenye ngazi za nyumba nikalia kama mtoto, na Joyce, ambaye bado alikuwa amenuna kidogo, akaja akakaa kando yangu aulize nani kafa. Kisha sauti ya Zuwena ikashuka.

"Lakini wamekusema vibaya humu."

"Soma."

Alinisomea, Hansa akimtafsiria sentensi moja moja. Jaji alisema ripoti ya mtaalamu ameipa uzito mdogo sana. Mtaalamu amegeuza msimamo aliousimamia kazi yake nzima, amekataa kutoa ushahidi wa kugeuka kwake, na kama mtaalamu si wa kutegemewa. Nikamwambia aendelee. "Hata hivyo," jaji aliandika, "mtaalamu huyo alipoacha kuzungumza kama mtaalamu akajibu kuhusu nyumba yake mwenyewe, nilimwamini. Na kwa kuwa nilimwamini, nimeridhika kwamba ukimya anaotakiwa kurudia mwomba hifadhi huyu ni ukimya wa hofu."

Mawakili wanasoma maamuzi kuliko wanavyosoma magazeti. Baada ya hapo hakuna aliyeniita tena mahakamani. Hakuna barua iliyokuja, simu tu zilikoma kulia, na ninyi mnaoniona nimestaafu mapema kwa ajili ya kupumzika sasa mnajua ninapumzika nini. Hansa aliliona hilo kabla yangu, nadhani ndiye aliyemnong'oneza Zuwena.

"Hansa anasema inawezekana kuwaandikia," Zuwena akasema. "Walitoe lile neno, si wa kutegemewa. Tukukatie rufaa na wewe, mama?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mama, si Bi Dokta. Joyce alikuwa ananitazama, akisubiri nimtafsirie, na safari hii nilimtafsiria kila neno kama lilivyosemwa, pamoja na lile baya.

"Msiguse hata nukta," nikamwambia Zuwena. "Miaka yote nimeandika ili niaminiwe. Hapo tu ndipo nilipoaminiwa."